Darasa Halipungui

14 Januari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ujue tumefika salama, mimi, mwanangu Chiriku na cherehani, na katika sisi watatu ni cherehani peke yake ambayo haikutapika njiani. Simu yangu iliangukia kwenye beseni la maji siku ile ile ya kuhama. Fundi aliyeifungua alitikisa kichwa kama mtu anayeleta habari za msiba, basi utanivumilia kwa karatasi mpaka nipate nyingine. Magoti yako yanaendeleaje? Na zile mashine zenu za kufulia, bado zinakula mashuka?

Chumba nilichopata ni cha chini, kimoja lakini kipana. Cherehani nimeiweka dirishani ili wapita njia wanione nikishona, na kweli kazi zimeanza kuingia: zipu, pinda za suruali, mapazia. Jirani yangu wa mlango wa pili ni fundi viatu, mtu mpole, anaongea kwa kutumia nyusi. Ana binti wa rika la Chiriku anayeshinda naye kibandani akichezea gundi. Mkewe ndiye anayetoka kila asubuhi, kavaa sketi ya bluu na shati jeupe. Nilimuuliza mkewe anafanya kazi wapi. Akasema, "Anasoma." Nikamwambia hongera, elimu haina umri. Akainamia kiatu, nyusi zimelala.

Haya, lililonifanya nishike kalamu ni hili: Chiriku amepata shule! Ni ya msingi, ya serikali, mtaa wa pili kutoka hapa. Nilikwenda nimejiandaa kupambana. Nilitegemea vumbi, watoto wanne dawati moja, na mwalimu mwenye sauti ya honi. Dada, nilifika getini nikadhani ni likizo. Kimya! Kumbe watoto wote wamo ndani, wameketi, wanasoma. Mwalimu mkuu alitupokea kwa kusimama. Aliuliza jina la mtoto, nikasema Chiriku, akatabasamu: "Hilo ni la nyumbani. La kwake hasa?" Nikamtajia. Hakuandika popote. Nikamwambia si utasahau, akasema, "Hapa hatusahau mtu." Walikuwa na kiti kimoja tu wazi, katikati ya Darasa la Pili, na kimefutwa vumbi.

Sasa sikiliza. Yule mwanetu aliyemchosha mwalimu wa kule mpaka akaomba kuhamishwa darasa, yule anayeongea hata akiwa amelala, jana kafua soksi zake mwenyewe na kuzianika kwa mpangilio. Usicheke! Nimefurahi hadi nikaogopa kusema kwa sauti. Na shule imenipa kazi ya kuwashonea sare.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu, Mkia wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa upande mmoja, nadhani aliyeileta aliikalia. Magoti ni yale yale. Mashine kubwa imekufa tena, na wodi ya watoto haijui kwamba mashine imekufa, wao wanaleta tu. Tunafua kwa mikono kama zamani, na mimi napiga kelele siku nzima. Wameniita Mama Mashuka muda mrefu mpaka juzi mganga mkuu mpya aliuliza jina langu, wote wakatazamana. Hakuna aliyelijua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nimefurahi umepata kazi. Umekonda, najua, hata bila kukuona. Kula.

Lakini hiyo ya soksi imenikaa vibaya. Mtoto mwenye miaka saba kufua soksi bila kutishiwa? Mpime homa! Chiriku akinyamaza ujue anaumwa au amevunja kitu. Wewe ulivyokuwa mdogo ulinifuata kila mahali, ndiyo maana tukakuita Mkia, ukiniuliza maswali hata nikiwa chooni. Na huyo ni damu yako. Mtoto wa ukoo wetu hanyamazi wiki tatu.

Na shule isiyo na kelele ni shule gani? Mimi nafanya kazi hospitali, mama, kimya nakijua. Mwambie aniandikie mstari mmoja chini ya barua yako, hata matusi.

Na huyo mke wa fundi viatu, anasoma nini na sare ya watoto? Hata elimu ya watu wazima siku hizi wanavalishana sketi za bluu? Makubwa.

Dada yako, Mama Mashuka


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu Chiriku aliugua. Usishtuke, ni matubwitubwi, mashavu yamevimba kama kaficha mkate. Sasa amepona. Mashavu yamerudi, lakini mtoto, dada, sijui nisemeje.

Haitiki. Namwita "Chiriku!" ananipita. Namwita tena, nasimama mbele yake, anainua macho taratibu: "Mama, unamwita nani?" Nikamwambia nakuita wewe, we mtoto. Akasema jina lake si hilo. Nikamwita lile la shuleni, lile hata wewe hujawahi kulitumia. Kabla sijafika nusu akasimama wima, mikono ubavuni: "Abee!" Kwa sauti ambayo si yake, nyembamba, safi, kama ya watoto wanaopokea mgeni rasmi. 

Sasa la matubwitubwi. Nilimlaza ndani wiki nzima, mimi mwenyewe, kitanda kiko hatua chache kutoka cherehani. Hakutoka hata kwenda kutupa taka. Ijumaa nikaenda shule kumwombea ruhusa, nimejaa aibu kwa kuchelewa. Mwalimu wake wa darasa, kijana mmoja msafi sana, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lakini mama, ameitika kila siku." Nikamwambia haiwezekani, yuko kitandani. Akasema labda nimechanganya siku. Kwa upole, dada, kama unavyoongea na mgonjwa. Nikamwomba nichungulie darasani. Kiti cha Chiriku kilikuwa kitupu, nakuapia, lakini daftari limefunguliwa mezani, na wote kuanzia dawati la mbele wamegeuka kunitazama kwa wakati mmoja, wananitabasamia. Na madawati ya nyuma kabisa wamekaa watu wazima. Wanawake wengi, na baba mmoja mwenye mvi. Magoti yao yamegusa kifua. Mke wa fundi viatu alikuwepo. Nilimpungia. Akanitazama hivi hivi kama ukuta.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Chiriku ameketi kitandani, anasema, "Leo tumejifunza kutoa kwa kukopa." Alikuwa amelala hapa!

Nimemwambia akuandikie mstari. Huu hapa:

*Mama mkubwa mimi ni mzima natumaini nawe u mzima. Shule yetu ni nzuri.*

Niambie mimi si mwendawazimu.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Wewe si mwendawazimu. Ulikuwa mwoga wa kuku, lakini kichwani huna tatizo.

Salamu nitazitoa siku nyingine. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kupigia pasi, na yule msichana wa pasi aliniuliza nani kafa. Mtoe huyo mtoto. Sikuombi, nakuagiza. Kesho asubuhi nenda kachukue uhamisho, wakikunyima uhamisho acha, mfungie virago umlete kwangu. Hapa jirani kuna shule yenye makelele mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wanalalamika. Chiriku atafaa.

Na usikubali kukaa kwenye dawati lolote pale, hata ukichoka. Hata wakikukaribisha maji.

Ule mstari wa Chiriku nimeusoma mara nyingi. Mtoto anayeniita "We Mama mkubwa we" leo ananiandikia natumaini nawe u mzima? Nimelia, nisikufiche. Halafu nikakasirika, nikaenda kumfokea fundi wa mashine, masikini, hana kosa.

Usiniandikie kwamba utafikiria. Nakujua, wewe ukitaka kuficha jambo unaanza kuniuliza habari za magoti yangu.

Dada yako


3 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyokuwa unatumia, bado ipo?

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikaomba uhamisho. Sikubembeleza, nilikuwa na ile sauti yako. Akasema uhamisho hauna tatizo kabisa, wanaruhusu siku yoyote. "Ila darasa halipungui, mama." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kila kiti lazima kiwe na wa kuitika, ndivyo walivyozikuta taratibu, hata yeye hakuzitunga. Nikamwambia basi watafute mtoto mwingine. Akanitazama kwa huruma, kweli ilikuwa huruma: "Mtoto wa nani, mama?" Niambie, dada. Ungekuwa wewe ungemtaja wa nani?

Nikitoka, yule mwalimu wa darasa akanifuata getini na kazi mpya. Sketi moja ya marinda, ya bluu. Akanitajia vipimo bila kusoma popote: kiuno, nyonga, urefu. Nikamwambia mwalimu, hapo umekosea, hii si nyonga ya mtoto, huyu ni mtu mzima aliyezaa. Akasema hajakosea. Unajua mimi, nikisikia vipimo naona mwili. Nilikata kitambaa huku najiuliza huyu mwanamke nimemwona wapi, mwenye kiuno kilichozidi upande wa kulia. Nilipomaliza pinda nikaijaribisha tu kwa mazoea, kama ninavyojaribisha za wateja. Ikanikaa. Hakuna fundi aliyewahi kunishonea nguo ikakaa vile, na mimi mwenyewe sijawahi kujipima.

Nikaenda kwa fundi viatu. Safari hii aliongea kwa mdomo. Binti yao ndiye aliyekuwa pale kwanza. Akawa kama Chiriku, wakamtoa, na bado kila asubuhi mtoto akasimama wima sebuleni anaitika. Akakataa kula nyumbani, anasema ameshakula shuleni. Akawa anapungua. Mpaka mkewe alipokwenda kukaa mwenyewe. Siku hiyo hiyo mtoto akamwaga gundi, akapigwa na baba yake kwa furaha, akalia kama mtoto. Mkewe anarudi kila jioni, anafagia, anaketi. "Hatusumbui," akasema. Nikamuuliza, mkewe bado anamkumbuka binti yao? Akarudia kugonga kisigino cha kiatu.

Unajua alichoniambia kingine? Kwamba siku ya kwanza mkewe alirudi anatabasamu. Kisa, wamemwita jina lake. Lake yeye, si mama fulani. Nimelifikiria hilo. Mimi hapa ni fundi, kwa majirani ni Mama Chiriku, kwako ni Mkia. Jina nililopewa na baba mara ya mwisho nalisikia lini? Sikumbuki.

Basi nimepata njia. Kuna mteja wangu, mama wa makamo, mtu wa maana, anasafiri kuja huko. Atakuja na Chiriku, atamfikisha mlangoni kwako. Mimi nitafuata nikimaliza kazi za watu. Zipo nyingi kidogo.

Nguo zake za baridi ziko chini ya mkoba. Hapendi maziwa yenye utando. Ukimsuka usimvute, anauma.

Mdogo wako akupendaye


29 Aprili

Mkia,

Mzigo wako umefika. Huyo mteja wako ni mtu wa maana kweli, alikataa hata chai.

Siku ya kwanza sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Mtoto aliketi kwenye kochi mikono magotini, nikasema Mungu wangu, wamenitumia picha. Kesho yake nikaenda naye kazini. Nikawa nakunja mashuka, namwangalia kwa pembe ya jicho. Asubuhi, saa watoto wanapoingia madarasani, akainua kichwa kama anayesikiliza kitu. Akasikiliza, akasikiliza. Halafu mabega yakashuka. Akaniambia, "Mama mkubwa, hawajaniita." Nikamwambia vizuri sana. Akauliza pale kwenye mashuka anaweza kujificha? Mkia, alijirusha kwenye lile rundo la wodi ya wazazi, nililokwisha kulikunja asubuhi nzima, akalisambaratisha lote! Nilimkimbiza na kandambili mkononi huku machozi yananitoka. Tangu hapo hajafunga mdomo. Amevunja beseni moja na miwani ya mhasibu. Namwita Chiriku anaitika "Niniii?" bila adabu hata chembe. Nimemshukuru Mungu kwa kila utovu wa adabu.

Sasa wewe. Kazi gani za watu hizo zisizokwisha?

Jana nikimsuka (na kweli anauma) akanisimulia. Anasema siku ile kabla ya safari ulimpeleka shuleni mwenyewe, umevaa sketi ya bluu. Ukamwambia asimame mlangoni. Ukaketi kwenye kiti chake. Mwalimu akaanza kuita majina, bila karatasi, na ilipofika zamu ya Chiriku akataja jina jingine ambalo mtoto hajawahi kulisikia. Na wewe ukasema "abee". Akaniuliza, "Mama mkubwa, yule aliyeitwa ni nani?" Akanitajia hilo jina. Mkono wangu ukaachia msuko.

Nikamwambia, hilo ni jina la mama yako.

Umefanya nini, wewe? Nilikuagiza usikae kwenye dawati lolote! Nilikuagiza! Ungenisubiri, tungeshauriana, tungekwenda kwa afisa elimu, kwa askari, kwa mtu yeyote! Kazi yako ni kunifuata mimi, siyo kwenda mbele yangu peke yako.

Nijibu kwa mwandiko wako. Nataka kuona zile "g" zako zilizopinda.

Dada yako


20 Mei

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni mzima na ninaendelea vizuri na masomo.

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha habari za shule yetu. Shule yetu ni nzuri. Ina madirisha na milango. Asubuhi tunafagia uwanja, kisha tunaitwa majina, kisha tunasoma. Mwalimu wetu ni mpole, hatupigi. Wenzangu wote ni wazuri. Mimi ninakaa kiti cha katikati. Kiti changu ni kidogo lakini nimezoea.

Umeniuliza kuhusu kazi. Sina kazi, mimi ni mwanafunzi. Jioni ninarudi chumbani. Humo mna cherehani, sijui ni ya nani, nimeifunika ili isiingie vumbi.

Umeniandikia pia habari za mtoto aliyevunja beseni. Nimesikitika. Hapa watoto wote wana adabu. Mpelekeni shule.

Nimejitahidi kunyoosha mwandiko kama ulivyoomba.

Ni mimi mwanafunzi, Darasa la Pili


11 Juni

Mkia,

Najua utasoma barua hii ukiwa umeketi wima, na hutajua ni ya nani. Utaisoma hivyo hivyo.

Nilikuja. Nimeomba likizo, Chiriku nikamwacha kwa msichana wa pasi, nikapanda basi na magoti yangu haya. Nilifika mchana, jirani yako fundi viatu akanifungulia. Chumba kimefagiwa mpaka pembezoni. Nikakaa kitandani nikakungoja, nimekwisha kupanga nitakavyokufokea.

Ukaingia jioni na ile sketi. Ukaniamkia vizuri, "Shikamoo mgeni." Mgeni! Nikakushika mikono, nikakwambia mimi ni dada yako. Ukasema nimefurahi kukufahamu. Nilikuita Mkia, hukugeuka. Nikajaribu, kwa kosa au kwa hasira sijui, nikakuita lile jina la baba. Ukaruka wima: "Abee!" Nikaketi tena. Sijawahi kuogopa maiti, nimewafulia mashuka maisha yangu yote, lakini ile abee iliniogopesha. Nikakupikia, ukasema umeshakula shuleni. Mashavu yako yameingia ndani, Mkia. Hicho ndicho sikuweza kustahimili.

Asubuhi nikakushika mkono, nikasema twende kituo cha basi. Mkono ulikuja, miguu haikuja. Jirani yako akaniambia nisijisumbue, yeye alimpandisha mkewe basi, mke akashuka kituo cha kwanza akarudi kwa miguu na akawahi kuitika. Basi nikakufuata hukohuko. Nilitaka kuwaona kwa macho yangu, nimtukane mtu mmoja angalau.

Nikasimama mlangoni mwa darasa. Mliitwa, mkaitika mmoja mmoja, watoto kwa wazee. Wewe pia. Ilipoisha, yule kijana msafi akanigeukia. Hakuniuliza ninatafuta nini. Akataja jina langu, Mkia. Langu mimi. Lile ambalo hospitali nzima haijui, ambalo mama alilitumia akiwa amefurahi tu. Akalitaja vile vile alivyokuwa akilitaja mama, kwa kuvuta mwisho. Nami nikajisikia vizuri, nisikudanganye. Nilijisikia kama nimerudishwa mahali. Mdomo ulikwisha kufunguka. Nikauma ulimi, nikauma mpaka nikasikia chumvi ya damu. Kwa sababu nilimfikiria Chiriku, kwamba nikiitika atarudi jioni kutoka kwa msichana wa pasi akute nyumba haina mtu. Nikatoka kwa kurudi nyuma. Mwalimu akasema tu, "Karibu tena."

Nakuandikia haya ulimi bado umevimba, nakunywa uji kwa mrija.

Lakini nimeona kitu. Ule usiku sikulala, na alfajiri ulipokuwa unafunga viatu nilijisemea tu, kwa uchovu, "Haya Mkia, unaniacha." Hukugeuka. Ila mguu wako wa kulia, ule uliokuwa bado mtupu, ulikuja upande wangu. Kidogo tu, kisha ukaurudisha ukauvalisha kiatu. Wao wanalo jina lako lote, lakini hilo la Mkia hawana. Mwalimu yule angelikuwa nalo angelitumia.

Basi sikiliza ninavyofanya na Chiriku. Kila asubuhi, saa mnapoitwa majina, tunatoka nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye kamba za kuanikia, tunageukia upande wenu tunaita. Mimi naita Mkia. Yeye anaita Mama, halafu Mkia, halafu anaongeza maneno yake. Siku ya kwanza walinzi walikuja mbio wakidhani kuna ajali. Siku hizi wanasema Mama Mashuka ameanza. Mganga mkuu ameniita ofisini kuniuliza kama nahitaji mapumziko. Nikamwambia nahitaji mtu mwenye sauti kubwa, kama anaye anipe.

Tutaita na mvua, tutaita na jua. Na ukiitika, ondoka pale hapo hapo. Usifunge hata mlango.

Dada yako


8 Julai

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni mzima na ninaendelea na masomo.

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa wiki hii sikufanya vizuri. Mwalimu amesema niandike nyumbani nieleze makosa yangu, na nyumbani nimeandika ni kwako kwa sababu anwani ilikuwa tayari mkononi.

Kosa la kwanza. Jumatatu asubuhi, kabla hawajafika kwenye jina langu, niliitika. Darasa lote liligeuka. Niliomba radhi. Jumanne niliitika tena, na kwa sauti kubwa, tena sikusema abee. Nilisema "Niko hapa, dada, nisubiri."

Nilisimamishwa mbele ya darasa. Mwalimu hakukasirika. Aliniuliza ni nani aliyeniita. Nilimwambia simjui.

Nimeadhibiwa pia kwa kosa la pili, la kusema uongo.

Ni mimi